Bastola Moja, Kazi Mbili: Soma Hii Kabla Hujaenda Kuomba Kibali



Leo mada ni nzito kidogo. Tangu nilipoandika kuhusu kubeba hela za mauzo usiku, inboksi yangu imejaa swali moja. Mmoja anaandika hivi, mwingine vile, ila ukiyaunganisha yote linakuja hili: "Kaka, wateja wangu wengi wananilipa mkononi, narudi nyumbani saa tatu usiku na hela kwenye mkoba, na stoo yangu ni chumba ninacholala. Ninunue bastola gani inayoweza kunilinda njiani na nyumbani?"

Mimi sina bastola. Ila mzee mmoja ninayechukua kwake mzigo wa jumla anamiliki kihalali miaka mingi, na alipotaka kubadilisha ile ya zamani aliniita. Akaniambia, "Kijana, wewe si unajua kulinganisha vitu mtandaoni? Nisaidie kuchambua." Nikachambua kama ninavyochambua feni na pasi kabla ya kuagiza mzigo: saizi, uzito, matatizo, gharama za baadaye. Kila nilichosoma nilimpelekea, yeye akanirekebisha kwa uzoefu wake. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

Jibu fupi kwa wenye haraka: kama sheria inakuruhusu na una sababu ya kweli, bastola moja inayoweza kazi zote mbili ni ya saizi ya kati, yenye risasi ya milimita 9, inayokaa vizuri kwenye mkono wako, na ambayo uko tayari kuilipia sefu na mazoezi. Kama huna hela ya sefu na mazoezi, bado huna hela ya bastola. Na kwa wengi wetu hapa, kuna vitu vya kufanya kwanza. Nitavitaja mwishoni, usiondoke.

1. Sheria inatangulia hela

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kukaa na silaha bila leseni ni jinai, hata kama hujawahi kufyatua risasi moja. Sio suala la kuwa na hela tu. Unaulizwa sababu yako, tabia yako inaangaliwa mpaka mtaani unapoishi, na unatakiwa uonyeshe kwamba unajua kuitumia. Safari yake inapita polisi na kamati za ulinzi na usalama, kwa hiyo jiandae kusubiri na kuwa mkweli. Wenzetu wa Kenya wao wana Bodi ya Leseni za Silaha, na pale pia hakuna njia ya mkato.

Sasa sikiliza hapa, wewe unayeuza mtandaoni. Kuna watu wanakuja inboksi wanasema "nina chuma, bei poa, hakuna usumbufu wa kibali." Huyo ni mmoja kati ya wawili: tapeli anayetaka utume nusu ya malipo, au mtu anayeuza silaha yenye historia. Ukiinunua, umenunua na kesi za mwenzako. Facebook na Instagram zenyewe haziruhusu watu binafsi kuuziana silaha. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, dukani, kwa karatasi, basi.

Na leseni ni ya kwako peke yako. Huwezi kumwachia kijana wako wa dukani bastola eti "kaa nayo mpaka nirudi." Akikamatwa nayo mmekamatwa wote.

2. Kazi mbili zinagombana

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Bastola ya kutembea nayo inatakiwa iwe ndogo, nyepesi na nyembamba, isionekane chini ya shati. Bastola ya nyumbani inatakiwa iwe kubwa kidogo: ukiishika inajaa mkononi, haikurushi, ina risasi za kutosha, na ni rahisi kulenga hata ukiwa umetoka usingizini.

Ukichukua ndogo sana, nyumbani itakusumbua. Ukichukua kubwa sana, utaibeba wiki mbili, ya tatu utaiacha nyumbani kwa sababu inakuumiza kiuno. Halafu siku unayoihitaji iko kabatini.

Nikupe mifano ya zile zinazojulikana sana duniani, uone tofauti kwa namba:

• Beretta 92: kubwa, inakaribia kilo moja bila risasi, urefu zaidi ya sentimita 21, magazini ya risasi 15. Nyumbani ni tulivu sana mkononi. Kuificha kiunoni kwenye joto letu la fulana moja? Pole.

• Glock 17: nayo kubwa, sentimita 20 hivi, risasi 17. Ni nyepesi kuliko Beretta kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wake ni plastiki ngumu.

• Glock 19: hii ndiyo saizi ya kati ninayoisema. Urefu ni kama sentimita 18 na nusu, risasi 15. Bila magazini ina gramu 600 hivi, ikijazwa inakaribia gramu 850.

• Glock 43: ndogo na nyembamba, unene chini ya sentimita 3, risasi 6. Kuificha ni rahisi sana. Kulenga nayo vizuri kunataka mazoezi zaidi.

• Makarov: ya Kirusi, ya zamani, risasi 8, gramu 730. Inatumia risasi yake ya kipekee, milimita 9 kwa 18, usiichanganye na 9 kwa 19 ya bastola nyingi za leo.

Gramu 850 zinasikika ndogo ukizisoma. Chukua simu nne za kawaida, zifunge pamoja, zichomeke kiunoni, halafu panda daladala kutoka Mbagala mpaka Kariakoo. Ndiyo uzito huo. Fanya jaribio hili kabla ya kulipa chochote.

Kwa nini ndogo ni ngumu? Mtutu mfupi maana yake alama ya kulengea ya mbele na ya nyuma ziko karibu karibu, kwa hiyo mkono ukiyumba kidogo tu risasi inaenda mbali na ulipolenga. Pia wepesi wake unafanya iruke zaidi mkononi ikifyatuliwa. Mtu anayeanza anadhani ndogo ni ya wanaoanza, au eti ni "ya akina dada." Ukweli ni kinyume, ndogo inataka mtu mzoefu.

3. Risasi: usinunue sifa

Vijiweni utasikia ".45 inamwangusha mtu kama mti." Achana na hayo. Risasi ya milimita 9 kwa 19 imekuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, majeshi na polisi wengi duniani wanaitumia, na kuna sababu. Inatosha kwa kazi, hairuki kupita kiasi, na kwa kuwa inatumika sana ndiyo rahisi zaidi kuipata kihalali.

Hilo la mwisho ni la kibiashara. Ni kama kununua printa: bei ya printa unalipa mara moja, wino unalipa maisha yote. Kabla ya kuchagua bastola, muulize muuzaji mwenye leseni risasi zipi anazo muda wote. Bastola nzuri ambayo risasi zake zinapatikana kwa msimu ni chuma cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

4. Revolva au ya magazini?

Revolva ni ile yenye silinda ya duara inayozunguka. Faida yake ni urahisi. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Haina mambo mengi ya kukumbuka. Hasara: zile ndogo za kuficha, kama Smith & Wesson Model 36, zinabeba risasi 5 tu, na kifyatuo chake, yaani kile unachovuta kwa kidole, ni kizito. Uzito huo unakuvuta mkono na shabaha inapotea. Kujaza tena pia kunachukua muda.

Ya magazini inabeba nyingi, ni nyembamba, na kuijaza ni haraka. Ila inataka uijue. Unatakiwa ujue kuiondoa risasi inayokwama, na zaidi ya yote ujue hili: *kuchomoa magazini hakumaanishi bastola iko tupu.* Risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Mzee alinirudia hili mara tatu. Ajali nyingi za "nilidhani haina kitu" zinaanzia hapo. Unachomoa magazini, unavuta sehemu ya juu nyuma, unaangalia kwa macho, unaingiza na kidole kuhakikisha.

Nyingine zina kizuizi cha kubonyeza kabla ya kufyatua, nyingine kama Glock hazina cha kubonyeza pembeni, usalama wake uko ndani na kwenye kifyatuo. Yoyote utakayochagua, baki na aina moja. Ukibadilishabadilisha, siku ya hofu mkono utasahau.

5. Ishike kwanza

Hapa sisi wauza mtandaoni tunajijua, tumezoea kununua kwa picha. Hii huwezi. Nenda ukaishike mbele ya muuzaji, ikiwa tupu na imehakikiwa.

Angalia vitu vinne. Je, kidole kinafika kwenye kifyatuo bila kunyoosha sana? Je, vidole vyote vinakaa kwenye mpini au kidole cha mwisho kinaning'inia? Je, unaweza kuvuta sehemu ya juu nyuma kwa nguvu zako? Je, ukiinyanyua na kulenga unaona alama ya mbele haraka? Ukijibu hapana kwa moja, weka chini, jaribu nyingine. Dada zangu, msikubali kuchaguliwa na shemeji. Mkono ni wako.

Na kama unaishi Dar, Tanga, Mtwara au Unguja, uliza kuhusu kutu. Hewa yetu ina chumvi na jasho letu ni la kweli. Bastola inayogusana na mwili kila siku inataka kufutwa na kupakwa mafuta mara kwa mara. Usipoweza kuisafisha, itakugomea.

6. Njiani: inakaa wapi?

Haikai kwenye mkoba wala begi la mgongoni. Fikiria wanavyotuibia huku mitaani: pikipiki inapita, mkono unanyakua mkoba, wamekwenda. Ukiwa na bastola ndani, umempa mwizi hela pamoja na silaha yenye jina lako. Wala haikai mfukoni ikigongana na funguo na chenji.

Inakaa mwilini, kwenye kipochi chake kigumu kinachofunika kifyatuo chote, kilichofungwa kwenye mkanda imara. Mkanda laini wa suruali hauwezi, bastola itaning'inia na kila mtu ataiona. Kipochi na mkanda viweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Halafu tuongee ukweli. Vijana wawili wenye panga wakikutokea hatua mbili mbele yako, muda wa kunyanyua shati, kuchomoa na kulenga haupo. Hapo toa hela. Toa na simu. Mauzo ya siku utayarudisha wiki ijayo. Bastola ni ya pale ambapo uhai wako au wa mwenzako unaondoka na huna njia nyingine. Mwizi anayekimbia na boksi lako la viatu hakutishii uhai tena. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Ukimpiga risasi ya mgongo anayekimbia, kesi inageuka, mshtakiwa unakuwa wewe.

Na ukishaanza kutembea nayo, pombe inakaa mbali, ugomvi wa barabarani unakaa mbali. Mteja akikutukana kwa sababu mzigo umechelewa, unaomba radhi na unaondoka. Mtu mwenye bastola ndiye anayetakiwa awe mpole kuliko wote.

7. Nyumbani: inalala wapi, na nani yuko nyuma ya ukuta?

Chini ya mto hapana. Juu ya kabati hapana, watoto wanapanda kila kitu. Inakaa kwenye sefu ndogo iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, unayoweza kuifungua gizani kwa namba au kwa kidole. Sefu isiyofungwa na bolti mwizi anaibeba kama begi.

Wengi wetu tumepanga. Chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani, juu silingi bodi inayopita vyumba vyote. Risasi ya bastola inapita mlango wa mbao, inapita silingi bodi, inapita bati, na upande wa pili inaendelea kuwa na nguvu ya kuua. Upande wa pili ni mama mwenye nyumba au mtoto wa mpangaji mwenzako. Kwa hiyo kabla hata ya kununua, zunguka nyumba yako mchana ujiulize: nikisimama hapa, nyuma ya mlango ule kuna nani? Kama kila upande kuna mtu amelala, jua kwamba bastola kwenye nyumba hiyo ni hatari kwa majirani zako.

Usiku ukisikia kishindo, usitoke kwenda kutafuta. Kusanya familia chumba kimoja, funga mlango, piga 112, piga simu kwa jirani, washa taa za nje, piga kelele. Na usielekeze mtutu kwenye kivuli. Kivuli kinaweza kuwa mdogo wako amerudi kimyakimya kutoka kuangalia mpira. Tochi ya mkononi yenye mwanga mkali inunuliwe kabla ya bastola, maana usichokiona hukijui.

Mmarekani mmoja mkufunzi, Jeff Cooper, aliyewahi kuwa mwanajeshi, ndiye aliyezisambaza kanuni nne ambazo leo zinafundishwa karibu kila mahali. Kwa maneno yangu ni hizi:

1. Kila bastola ichukulie ina risasi, siku zote.
2. Usiielekeze kwenye kitu ambacho huko tayari kukiharibu.
3. Kidole nje ya kifyatuo mpaka umeshalenga na umeamua.
4. Jua unacholenga, na jua kilichoko nyuma yake.

Ziandike ubandike ndani ya mlango wa sefu.

8. Piga hesabu kama mfanyabiashara

Chukua daftari. Andika: bastola. Risasi za kukaa nazo. Risasi za mazoezi. Kipochi na mkanda. Sefu na fundi wa kuifunga. Mafunzo. Ada za leseni na kuihuisha. Nauli na siku za biashara utakazopoteza ukifuatilia. Mafuta ya kusafishia. Jumlisha.

Sasa linganisha na mtaji wako. Kama mtaji unaozunguka ni milioni mbili au tatu, unakaribia kununua mlinzi anayekula kuliko duka lenyewe. Mzee wangu wa jumla anashika hela ya watu wengi kwa siku, hesabu yake inakubali. Yangu haikubali, na nimeridhika.

9. Vya kufanya kwanza, kesho asubuhi

Hivi ndivyo nafanya mimi, na havihitaji kibali:

Punguza hela mkononi. Weka Lipa Namba, mwambie mteja alipie kabla au alipe kwa simu mbele ya bodaboda. Mteja anayeng'ang'ania taslimu, saa mbili usiku, sehemu usiyoijua, mwache aende.

Hela taslimu iliyoingia ipeleke kwa wakala au benki jua likiwa juu. Badilisha muda na njia.

Kukabidhi mzigo iwe sehemu ya watu: kituo cha mafuta, mbele ya duka kubwa, stendi.

Acha kupiga picha stoo yote na mandhari ya nyumba yako. Picha ya mzigo mpya ikionyesha dirisha na geti ni ramani. Na usiweke kwenye status bunda la hela ukisema "Mungu mwema." Ukija kumiliki bastola, hiyo pia isionekane kwenye status kamwe.

Nyumbani: nondo za dirisha, kitasa kizuri na komeo la ndani, taa ya nje, namba za majirani watatu, na ujulikane kwenye ulinzi shirikishi wa mtaa wako. Hela za stoo na za kula zisikae sehemu moja.

Ukishafanya hivi vyote, ukae miezi mitatu, halafu ujiulize tena kama bado unahitaji bastola. Kama jibu ni ndiyo, sasa unaenda kuomba kibali ukiwa na sababu ya maana ya kuwaambia, na unajua cha kuuliza dukani: saizi ya kati, milimita 9, mkononi inakaa, kipochi kigumu, sefu ya bolti, mazoezi kila mwezi.

Swali la leo: hela ya mauzo ya leo inalala wapi? Usiandike jibu kwenye komenti, kuna watu wanasoma. Jibu mwenyewe, na kama jibu halikupendezi, libadilishe kabla ya giza la kesho. Msambazie na mwenzako anayepeleka mizigo usiku.

Biashara njema, na mrudi nyumbani salama.